Mvinyo Mwekundu wa Kupikia: Namna ya Kuchagua kwa Gharama Nafuu

Mapishi mengi ya nyama yenye asili ya Ufaransa na Italia humtaka mpishi atie mvinyo mwekundu chunguni. Mlaji anayetaka kuyajaribu nyumbani husimama mbele ya rafu ya duka akiwa na swali la fedha: anunue chupa ya bei gani? Chupa moja yaweza kuuzwa kwa bei mara tano ya jirani yake, na lebo zao hazimwambii ipi inafaa kwa sufuria.

Jibu la somo hili ni fupi, na kurasa zinazofuata zinalieleza. Mvinyo wa kupikia huchaguliwa kwa kuangalia kile ambacho moto hukiacha chunguni. Harufu nyepesi zinazoifanya chupa iuzwe ghali huondoka na mvuke. Sukari, chumvi, uchachu, ukakasi na sehemu ya alkoholi hubaki. Kwa sababu hiyo, mvinyo wa bei ya chini ulio mkavu, halisi na usioharibika unatosha, ilhali mvinyo mtamu utaharibu kitoweo hata kama umenunuliwa kwa bei ya juu.

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kutambua kwa kusoma lebo mvinyo unaofaa kupikia;
(b) kukokotoa gharama halisi ya mvinyo kwa chungu kimoja cha kitoweo;
(c) kujikinga na mvinyo bandia;
(d) kueleza kiasi cha alkoholi kinachobaki katika chakula, na kuwatendea haki wale wasioitumia.

1. Kazi ya mvinyo katika chakula

Mvinyo mwekundu huleta chunguni mambo manne. La kwanza ni uchachu, ambao hupunguza uzito wa mafuta mdomoni, kama vile limau linavyofanya kwenye supu ya mbuzi. La pili ni ukakasi, yaani ile hali ya kukausha ulimi ambayo kila aliyewahi kula bibo anaijua. Ukakasi huo hutokana na tanini zilizomo katika maganda na mbegu za zabibu. La tatu ni rangi na ladha ya tunda. La nne ni alkoholi, ambayo huyeyusha baadhi ya viini vya harufu ambavyo maji peke yake hayaviyeyushi vizuri, na kuvisambaza katika rojo.

Ndiyo maana mvinyo mwekundu hupatana zaidi na nyama zinazohitaji kupikwa muda mrefu. Nyama ya ng'ombe ya Bourgogne, inayofahamika kwa jina la boeuf bourguignon, hupikwa polepole pamoja na vitunguu, karoti na uyoga. Coq au vin, kama jina lake linavyosema, ni jogoo katika mvinyo, na upishi wake wa polepole hufaa kulainisha nyama ngumu ya jogoo aliyekomaa. Mlaji mwenye jogoo wa kienyeji aliyepita umri wa kukaangwa anayo tayari nyama iliyokusudiwa. Samaki, kuku wa kisasa na mboga laini hazihitaji mvinyo huu, kwa kuwa rangi na ukakasi wake huzifunika.

2. Yale yanayoondoka na yale yanayobaki

Mvinyo unapochemka bila kufunikwa, maji na alkoholi hugeuka mvuke, na harufu nyepesi za maua na matunda huondoka pamoja nao. Harufu hizo ndizo mnywaji anazozitafuta kwenye chupa ya gharama kubwa. Mpishi anayetia mvinyo wa namna hiyo katika kitoweo cha saa mbili ananunua kitu ambacho hatakipata mezani.

Kinachobaki huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua. Mfano wa sukari unatosha kuonyesha jambo hili. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo wa kawaida huitwa mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, na kiwango hicho chaweza kufika gramu 9 iwapo uchachu wake ni mkubwa. Mvinyo huitwa mtamu ukiwa na gramu 45 kwa lita au zaidi. Chukua mililita 250, kiasi cha kawaida kwa kilo moja ya nyama. Mvinyo mkavu wa gramu 4 kwa lita utaingiza chunguni gramu 1 tu ya sukari. Mvinyo mtamu utaingiza gramu 11 au zaidi, karibu vijiko vitatu vya chai. Mililita 250 hizo zikipungua hadi kubaki robo yake, sukari yote ingali humo, na rojo huwa tamu kama sharubati. Hakuna kiungo kitakachoiondoa, na mpishi anayejaribu kuifunika kwa chumvi huishia kuwa na makosa mawili katika sufuria moja.

Ukakasi nao hufuata kanuni hiyo hiyo. Mvinyo mzito sana uliokaa muda mrefu katika mapipa ya mwaloni huweza kuwa mchungu ukikaukia kwenye moto. Mara nyingi mvinyo wa namna hiyo ndio wenye bei kubwa. Hapa maslahi ya mfuko na maslahi ya ladha yanakwenda njia moja.

Mlaji asiye na hakika na chupa aliyonunua anaweza kufanya jaribio dogo. Chemsha mililita 100 za mvinyo katika sufuria ndogo isiyofunikwa hadi zibaki vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30 hivi. Ziache zipoe, kisha onja. Ladha utakayoipata ndiyo itakayoingia katika kitoweo. Ikiwa ni tamu kama asali, chungu kama dawa, au ina ukali wa siki, mvinyo huo usiutie kwenye nyama.

3. Kusoma lebo

Lebo nyingi za mvinyo katika maduka ya Afrika Mashariki zimeandikwa kwa Kiingereza, na maneno machache tu ndiyo yenye kazi kwa mpishi.

Neno "dry" maana yake ni mkavu, nalo ndilo la kutafuta. Maneno "semi-sweet", "sweet" na "natural sweet" yote yanaashiria utamu. Hili la mwisho huwapotosha walaji wengi, ambao hudhani lina maana kwamba mvinyo haukuongezwa kitu, basi unafaa kwa kila matumizi. Utamu wa asili ya zabibu ni utamu vilevile, na katika sufuria hufanya kazi ile ile ya sukari. Neno "fortified" humaanisha mvinyo ulioongezewa pombe kali. Mvinyo huo kwa kawaida ni mtamu, na alkoholi yake huzidi ya mvinyo wa kawaida, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 11 na 14.

Maneno "cooking wine" humaanisha mvinyo wa kupikia, na mtu angetarajia kwamba ndio hasa unaofaa. Mlaji anapaswa kuugeuza na kusoma orodha ya viambato kabla ya kuulipia. Nchini Marekani, mvinyo unaotiwa chumvi ili usifae kunywewa hutakiwa kuwa na angalau gramu 1.5 za chumvi kwa kila mililita 100. Kwa hesabu hiyo, mililita 250 huingiza chunguni gramu 3.75 za chumvi kabla mpishi hajatia yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Mvinyo wa namna hii huzidi kukolea chumvi kadiri rojo inavyopungua. Mwenye shinikizo la damu ana sababu ya ziada ya kuuepuka.

Maneno "contains sulphites" hujulisha kwamba mvinyo una salfaiti, kemikali zinazozuia kuharibika. Kwa watu wengi hazina shida, lakini baadhi ya wenye pumu hupatwa na kifua kubana wanapozitumia. Ikiwa nyumbani yupo mwenye tatizo hilo, onyo hili lisipuuzwe.

Aina ya zabibu si jambo la kumsumbua mpishi. Merlot, Pinotage, Shiraz au Cabernet Sauvignon zote zinafaa ziwapo kavu na zisiwe nzito kupita kiasi. Mvinyo wa Dodoma nao unafaa. Katika mkoa huo wenye mvua chache, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu iitwayo Makutupora ni miongoni mwa zinazokamuliwa huko kwa ajili ya mvinyo. Hata hivyo, Dodoma hutoa mvinyo mkavu na mtamu pia, hivyo jina la mahali pekee halitoshi. Lisome pamoja na neno linalotaja ukavu au utamu.

4. Kukokotoa gharama halisi

Bei iliyobandikwa kwenye rafu ni bei ya chombo kizima. Mpishi anahitaji kujua gharama ya kile kitakachoingia chunguni. Ili kuipata, gawanya bei kwa ujazo, kisha zidisha kwa kiasi unachotumia. Tuchukue mfano wa bei za kudhania, tukitumia mililita 250 kwa kila pishi.

Chupa ya kawaida, mililita 750, shilingi 15,000: shilingi 20 kwa mililita. Pishi moja ni shilingi 5,000.

Chupa ndogo, mililita 375, shilingi 9,000: shilingi 24 kwa mililita. Pishi moja ni shilingi 6,000.

Boksi, lita 3, shilingi 48,000: shilingi 16 kwa mililita. Pishi moja ni shilingi 4,000.

Chupa ya bei ya juu, mililita 750, shilingi 60,000: shilingi 80 kwa mililita. Pishi moja ni shilingi 20,000.

Kwa kutazama hesabu hii peke yake, boksi ndilo rahisi kuliko vyote. Lakini hesabu haijakamilika mpaka mlaji ajiulize ni mara ngapi atapika. Anayepika mara moja tu na kumwaga kilichobaki ametumia shilingi 9,000 kwa chupa ndogo, shilingi 15,000 kwa chupa ya kawaida na shilingi 48,000 kwa boksi. Kwake yeye, chupa ndogo ndiyo nafuu, ingawa bei yake kwa mililita ni kubwa kuliko ya chupa ya kawaida.

Boksi nalo lina masharti yake. Mfuko uliomo ndani husinyaa kadiri mvinyo unavyotoka, hivyo hewa haiingii kwa urahisi, na mvinyo huweza kukaa wiki nne hadi sita baada ya kufunguliwa. Lita 3 ni mapishi 12. Familia inayopika kitoweo hiki mara moja kwa wiki itatumia mapishi sita tu ndani ya wiki sita. Ukigawanya shilingi 48,000 kwa sita, kila pishi limegharimu shilingi 8,000, ghali kuliko chupa ya kawaida iliyotumika yote. Boksi linamfaa mwenye mgahawa au familia kubwa inayopika mara kwa mara.

Tofauti kati ya chupa ya shilingi 15,000 na ile ya shilingi 60,000 ni shilingi 15,000 kwa kila chungu. Fedha hiyo ingefaa zaidi kununulia nyama bora, ambayo ubora wake utaonekana mezani.

5. Kujikinga na mvinyo bandia

Kutafuta bei nafuu ni haki ya mlaji, ila bei iliyoshuka kupita kawaida ya soko ni ishara ya hatari. Wapo wanaojaza upya chupa tupu, na wapo wanaochanganya rangi, sukari na pombe isiyojulikana asili yake, kisha wakaviita mvinyo. Kabla ya kulipa, kagua mambo haya:

(a) Kizibo au kifuniko kiwe kizima, kisiwe na dalili ya kufunguliwa na kurudishwa.

(b) Lebo iwe na jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji, ujazo, asilimia ya alkoholi na namba ya toleo. Maandishi yenye makosa ya tahajia au rangi zilizofifia yakutie shaka.

(c) Nchini Tanzania, tangu mwaka 2019 chupa za mvinyo hubandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki. Programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu humwezesha mnunuzi kuichunguza papo hapo.

(d) Kwa bidhaa ya ndani, angalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania.

(e) Dai risiti na uitunze. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha ulikonunua.

Wapo wanaodhani kwamba mvinyo wenye mashaka hauna madhara ukipikwa, kwa kuwa moto husafisha kila kitu. Dhana hiyo ni ya hatari. Pombe bandia huweza kuwa na methanoli, sumu inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho na kuweza kusababisha upofu au kifo. Kama ilivyo kwa alkoholi ya kawaida, kupika hakuiondoi yote. Chupa yenye shaka isinywewe wala isipikiwe. Itoe taarifa, pamoja na risiti, kwa Shirika la Viwango kuhusu usalama wa chakula, au kwa Tume ya Ushindani kuhusu bidhaa bandia.

Mtoto wa chini ya miaka 18 asitumwe dukani kununua mvinyo, hata kama matumizi yake ni ya jikoni.

6. Chombo na namna ya kutia

Sufuria nyingi za majumbani mwetu ni za alumini. Uchachu wa mvinyo huila alumini, hasa katika upishi wa saa nyingi, na matokeo yake ni rojo yenye rangi iliyofifia na ladha ya chuma. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, iliyopakwa enameli, au chungu cha udongo. Ikiwa huna chombo hicho, chupa yoyote utakayonunua itakuvunja moyo, hivyo ni busara kuanza na sufuria.

Kaanga nyama kwanza mpaka ibadilike rangi, uitoe, kisha ukaange vitunguu. Mimina mvinyo wakati sufuria ingali ya moto, ukwangue kwa mwiko masalio yaliyoganda chini, maana humo ndimo ilimo ladha. Acha uchemke bila kufunikwa mpaka upungue kufikia nusu, ndipo urudishe nyama na kuongeza supu au maji. Baada ya hapo punguza moto. Mvinyo unaotiwa mwishoni, chakula kikiwa tayari kuepuliwa, huacha ukali mbichi na alkoholi karibu yote.

7. Alkoholi inayobaki na haki ya anayekula

Husemwa mara nyingi kwamba alkoholi huchemka kwa nyuzi 78 za Selsiasi, maji kwa nyuzi 100, basi kitoweo kinapochemka alkoholi imekwisha kutoka. Sehemu ya kwanza ni kweli, hitimisho si kweli. Alkoholi iliyochanganyika na maji hutoka pamoja nayo, pole kwa pole, na sehemu yake huendelea kubaki. Jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani linatoa makadirio haya ya alkoholi inayobaki:

Ikitiwa katika kimiminika kinachochemka na kuepuliwa: asilimia 85
Chakula kikiwashwa moto juu yake: asilimia 75
Kikichemshwa na kukorogwa dakika 15: asilimia 40
Dakika 30: asilimia 35
Saa 1: asilimia 25
Saa 1 na nusu: asilimia 20
Saa 2: asilimia 10
Saa 2 na nusu: asilimia 5

Mililita 250 za mvinyo wa asilimia 13 zina mililita 32.5 za alkoholi tupu. Baada ya dakika 15 zitabaki mililita 13 katika sufuria, na baada ya saa mbili zitabaki zipatazo 3. Zikigawanywa kwa walaji sita, kiasi cha kila mmoja ni kidogo. Hata hivyo, udogo wa kiasi hauondoi wajibu wa kusema.

Kwa Mwislamu, na kwa Wakristo wa madhehebu yanayokataza kileo, jambo si idadi ya mililita. Ni kutiwa kwa mvinyo katika chakula chake bila yeye kujua. Mtu aliyeacha pombe baada ya kuteswa nayo anaweza kutikiswa na harufu yake tu. Mama mjamzito anashauriwa asitumie alkoholi kabisa. Mtoto hana uwezo wa kujiamulia. Mgonjwa anayetumia dawa zisizopatana na alkoholi, kama metronidazoli ambayo maelekezo yake huonya hivyo, anahitaji kujua kilichomo katika sahani yake.

Kwa hiyo mwenyeji, mpishi wa sherehe na mwenye mgahawa wanapaswa kutangaza kabla chakula hakijapakuliwa kwamba kimetiwa mvinyo. Kuandika kwenye orodha ya vyakula ni bora kuliko kungoja kuulizwa. Mlaji naye ana haki ya kuuliza, na jibu la "imeshachemka yote" lisimtosheleze. Asiyetaka apewe chakula kingine kilichopikwa katika sufuria nyingine, kwa mwiko mwingine.

8. Mbadala usio na kileo

Mahali ambapo miongoni mwa walaji wapo wasiotumia kileo, njia rahisi ni kupika chungu kizima bila mvinyo. Ukwaju unafaa kwa kazi hii kuliko viungo vingi, nako kuna sababu: asidi kuu ya ukwaju ni asidi ya tartariki, ambayo ndiyo asidi kuu ya zabibu. Badala ya mililita 250 za mvinyo, tumia mililita 200 za supu ya nyama isiyo na chumvi, vijiko viwili vya chakula vya maji mazito ya ukwaju, na kijiko kimoja cha nyanya ya kopo. Anayetaka rangi nyekundu na ukakasi kidogo anaweza kutumia maji ya choya yasiyotiwa sukari badala ya sehemu ya supu.

Juisi ya zabibu peke yake haifai, kwani ina sukari ipatayo gramu 150 kwa lita, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha chini cha mvinyo mtamu. Mvinyo ulioondolewa alkoholi nao usome lebo yake vizuri: waweza kuwa na alkoholi kidogo iliyobaki, na mara nyingine huongezewa sukari.

9. Kuhifadhi kilichobaki

Adui wa mvinyo uliofunguliwa ni hewa. Ufunge vizuri na uuweke katika friji, ambamo utafaa kupikia kwa wiki moja hivi. Kwa muda mrefu zaidi, umimine katika trei ya barafu na ugandishe. Kishimo kimoja cha trei hubeba takriban mililita 30, hivyo vipande vinane hufikia karibu mililita 250. Hamisha vipande hivyo katika mfuko safi, uandike tarehe na neno "mvinyo" kwa herufi kubwa, ili mtoto au mgeni asivitie katika juisi. Kwa njia hii chupa ya kawaida hutumika yote, na ile gharama ya shilingi 5,000 kwa pishi iliyokokotolewa katika sehemu ya 4 huwa ya kweli.

10. Maswali ya kujipima

1. Rafu ina chupa mbili: moja imeandikwa "natural sweet red", shilingi 13,000, nyingine "dry red", shilingi 16,000. Zote ni za mililita 750. Ipi inafaa kwa kitoweo cha saa mbili?

Jibu: Ya pili. Tofauti kwa pishi la mililita 250 ni shilingi 1,000 tu, na chupa ya kwanza itaacha sukari ambayo haiwezi kuondolewa.

2. Unapika mara moja kwa mwezi na huna friji. Je, ununue boksi la lita 3 kwa kuwa bei yake kwa mililita ni ndogo?

Jibu: La. Mvinyo mwingi utaharibika. Chupa ndogo ndiyo nafuu kwako.

3. Mgahawa unauza nyama iliyopikwa kwa mvinyo kwa dakika 30. Mhudumu anakuambia hakuna kileo kilichobaki. Je, ni kweli?

Jibu: La. Kwa makadirio yaliyotajwa, karibu asilimia 35 ya alkoholi ingali humo. Una haki ya kuagiza chakula kingine.

4. Rojo yako imetoka na ladha ya chuma ingawa mvinyo ulikuwa mkavu na halisi. Uanze kuchunguza wapi?

Jibu: Anza na sufuria. Ikiwa ni ya alumini, badilisha chombo kabla ya kubadilisha mvinyo.